Vitz ya Milioni Tisa Kasoro: Uchambuzi wa Kisa

Kwa nini kisa hiki

Mimi ni mjumbe wa kamati ya mikopo ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya watumishi jijini Dar es Salaam. Kila mwezi hatukosi fomu mbili tatu zilizoandikwa "kununua gari", na gari lenyewe halitoki nje ya orodha fupi: Vitz, Passo, IST, Demio. Beibi woka, kama wanavyozitania wenye magari makubwa. Familia ya kisa hiki ilikubali nisome daftari lao la gari la mwaka mzima. Nimeondoa majina, mtaa, vituo vya kazi na namba ya gari, na fedha nyingi nimezisogeza hadi elfu kumi iliyo karibu. Mume nitamwita Mwalimu na mke nitamwita Nesi, maana hata majirani hawawaiti vinginevyo.

Usuli

Wanaishi upande wa Goba, kwenye vilima, zaidi ya kilomita moja kutoka lami. Wana watoto wawili wa shule ya msingi. Kabla ya gari, nauli ya familia nzima, daladala na bodaboda pamoja, ilikuwa kama 210,000 kwa mwezi.

Ninaitaja nauli hiyo mapema kwa sababu kwenye fomu ya mkopo Mwalimu aliandika kwamba gari "litapunguza gharama za usafiri". Halikuzipunguza, na nadhani hata yeye hakuamini. Sababu ya kweli aliisema Nesi kwa mdomo: zamu yake ya mchana inaisha usiku, bodaboda humpitisha njia isiyo na taa, na mwaka huo alikuwa ameshakwapuliwa simu mara moja. Gari lilikuwa la usiku. Hilo halina kisanduku kwenye fomu yetu.

Kuchagua na kununua

Walikuwa na akiba ya 4,200,000, nasi tukawakopesha 5,500,000. Jumla 9,700,000.

Kuagiza Japani walikuta hakulipi. Magari madogo ya bei wanayoiweza yameshapita miaka 10, na gari la umri huo mamlaka ya mapato, TRA, huliongezea ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine. Kwa hiyo wakatafuta lililokwisha kutumika hapa hapa. IST waliipenda, ila madereva wa teksi za mtandao wameipandisha bei, na vioo vyake vya pembeni vina wateja wengi usiku. Vitz ya CC 990 iliwavutia kwa mafuta, lakini Mwalimu alihofia injini ya silinda tatu kwenye vilima vya Goba ikiwa na watu watano. Wakaishia kwenye Vitz ya CC 1290 ya mwaka 2007, toleo la pili lile lililotoka Japani 2005, lenye spidomita katikati ya dashibodi. Namba ya usajili ya herufi D, kilomita 124,000 kwenye dashibodi. Bei 8,900,000.

Karatasi walizikagua vizuri sana. Namba ya chesisi waliilinganisha na kadi, madeni ya faini waliyaangalia kwenye mfumo wa Polisi, mkataba waliandikiana mbele ya mwanasheria, na hawakutoa hela ya mwisho mpaka uhamisho wa umiliki ulipoanza. Sina la kuongeza hapo.

Gari lenyewe lilikaguliwa kwa dakika kumi. Fundi wa mtaani kwao alikuja nao, akaliwasha, akasikiliza, akazunguka nalo mara moja kwenye lami tambarare, akasema, "Mwalimu, hii injini haijaguswa." Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aioshe injini asubuhi ya kuliuza gari, wala aliyechomoa kijiti cha oili ya gia boksi akainusa. Hakuna aliyelipandisha mlima.

Baada ya bei, dalali alichukua 200,000, bima ya mtu wa tatu ikawa 118,000, na mambo ya mkataba na uhamisho yakala yake. Siku gari linaingia nyumbani, kwenye akaunti palibaki chini ya laki tatu.

Yaliyotokea

*Wiki tatu za kwanza.* Gari lilipiga tumbo kwenye korongo la njia ya kwao siku ya kwanza tu. Fundi akashauri liinuliwe, yaani liwekwe spesa juu ya springi za mbele na za nyuma. Ni jambo la kawaida mjini, saa mbili tu za kazi. Wakakubali.

Kisha tairi moja ikatoa nundu ubavuni. Kijana wa duka la matairi akamwonyesha Mwalimu kitu ambacho hakuwahi kukiona katika maisha yake yote ya abiria: tarakimu nne ubavuni mwa tairi, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zake zilisomeka 1214. Tairi za wiki ya 12 ya mwaka 2014, zenye kashata, yaani meno ya tairi, nzuri tu kwa macho. Nne mpya za 165/70 R14 zikagharimu 560,000. Akopeshwe na nani? Kikoba cha Nesi, kikundi chao cha kuweka na kukopa.

*Mwezi wa pili tangu kununua.* Huduma ya kwanza: oili ya injini, filta, plagi. Fundi akaona oili ya gia boksi imepungua na imekuwa nyeusi, akaimwaga na kujaza "hydraulic", ile nyekundu ya gia boksi za otomatiki ambayo kila duka la spea linayo. Lita ilikuwa nafuu kuliko ile nyingine aliyoitaja muuzaji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa kilipogeukia.

Vitz hiyo haina gia nne za otomatiki kama IST ya zamani. Ina CVT: puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, na puli zinabana na kulegea ili uwiano ubadilike bila gia kuhesabika. Mkanda hauna meno. Kinachoushika ni msuguano wa chuma kwa chuma ndani ya oili, na oili ya CVT imetengenezwa mahususi ili msuguano huo uwepo. Ile ya kawaida ya otomatiki haina kazi hiyo. Ukiiweka, gari litatembea vizuri tu siku kadhaa, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Kumbe mkanda unateleza kidogo kidogo na kuzikwangua puli.

*Mwezi wa tatu.* Mlio kama wa nyuki kwenye mwendo wa kilomita 40, na gari kushtuka linapoanza kupanda. Safari hii Nesi ndiye aliyelipeleka, kwa fundi anayeshughulika na gia boksi pekee, Ilala. Huyo alichomoa kijiti, akakipaka kidoleni, akauliza, "Dada, nani kaweka hii?" Akaeleza njia mbili: kumwaga na kujaza oili sahihi mara mbili ili kuisafisha, au kutafuta gia boksi ya mtumba moja kwa moja. Hakuficha kwamba njia ya kwanza ni bahati nasibu. Wakachagua hiyo, 260,000, kwa sababu moja tu: ya pili hawakuwa na hela yake. Mshtuko ukaisha. Mlio ukapungua, haukuisha.

*Mwezi wa tano.* Mdogo wake Nesi, aliyekuwa hana kazi, akaleta wazo. "Shemeji, gari linalala tu uani mchana kutwa. Nipe nilizungushe, nakuletea hesabu elfu ishirini kwa siku, jioni namfuata dada kazini." Mwalimu alikuwa na deni la SACCOS, deni la kikoba, na gari lenye mlio. Na kumkatalia shemeji si jambo jepesi. Wakapatana siku sita kwa wiki.

Wiki tano zilipita. Hesabu iliyotarajiwa ni 600,000, iliyoingia ni 430,000. Daftari linaonyesha gari lilitembea kilomita 3,900 katika muda huo, wakati familia kwa matumizi yake hutembea kama 1,000 kwa mwezi.

*Mwezi wa sita.* Jumamosi jioni, watoto wakiwa nyuma, gari lilikataa kupanda. Injini inanguruma, magurudumu hayaendi. Walilirudisha chini kinyumenyume kwa kulisukuma, majirani wakisaidia. Likakaa uani wiki tatu.

Wapo waliomshauri Mwalimu aliuze lilivyo. Alipewa bei ya 4,500,000. Mke na mume walikaa na daftari usiku mmoja, na hoja iliyoshinda ilikuwa ya Nesi: wakiuza watabaki na mkopo bila gari, naye atarudi kwenye bodaboda usiku. Tukawapa mkopo wa dharura. Gia boksi ya mtumba kutoka Japani, oili yake na ufundi vikafika 1,350,000, kwa dhamana ya wiki mbili. Safari hii walifanya vizuri: kabla ya kutoka nyumbani walipiga picha kibati kilichomo chini ya boneti, chenye herufi na namba za aina ya gia boksi, wakailinganisha na ile iliyokuwa sakafuni dukani. Ya kwanza waliyoonyeshwa haikufanana. Ya pili ilifanana.

Shemeji hakurudishiwa funguo. Maneno yalikuwepo, sitayaandika.

*Mwezi wa nane.* Masika. Siku bonde la Jangwani lilipojaa maji, Nesi aliona magari mbele yake yakiingia majini, akageuza akapitia njia ndefu. Alifika kazini saa moja na nusu nyuma ya muda na akaandikiwa barua. Gari dogo hunyonya hewa ya injini chini chini, na maji yakiingia humo ni injini nzima. Barua ni rahisi.

Mwezi huo huo lilitokea jambo ninalolipenda kuliko yote. Nesi alikuwa amepiga marufuku kuweka mafuta ya elfu kumi kumi. Alitaka tangi lijae mpaka bomba lijikate lenyewe, kilomita ziandikwe, na safari inayofuata ifanyike vivyo hivyo, kisha kilomita zigawanywe kwa lita. Daftari likamwonyesha kilomita 11 kwa lita, mara nyingine chini ya hapo. Alijua Vitz za wenzake zinafanya 14 na zaidi.

Vitz hii haina mshale wa joto la injini. Ina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Mwalimu hakuwahi kuijali ya bluu, maana haitishi. Nesi, ambaye kazi yake ni kusoma chati, aliona kwamba ya bluu haizimi mpaka karibu nusu ya safari, na kwenye barabara isiyo na foleni huwaka tena. "Huyu mgonjwa joto halipandi," alimwambia fundi. Dar es Salaam, mwezi Aprili, injini inashindwaje kupata moto?

Termostati, valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ilikuwa imetolewa. Mwenye gari wa zamani, au fundi wake, aliing'oa ili gari lisichemke, akajaza maji ya bomba badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Mafundi wengi hapa hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini injini isiyofika joto lake hudhani bado ni asubuhi na huendelea kumwaga mafuta mengi, na maji ya bomba huotesha kutu. Rejeta ilipofunguliwa ilitoa uji wa rangi ya udongo. Termostati, rejeta na kulanti: 230,000. Tangi lililofuata lilisoma kilomita 14 kwa lita.

*Mwezi wa tisa hadi wa kumi na mbili.* Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona: raba ya eksele ya kulia imepasuka, grisi imetoka, joint imekwisha. 180,000. Fundi wa Ilala akaonyesha pembe ya eksele, jinsi spesa zilivyoikunja. Za mbele wakazitoa, za nyuma wakaziacha. Bushi na linki za stabilaiza 140,000. Kilichobaki ni huduma za kawaida.

Matokeo

Daftari la miezi 12, mbali na mafuta na bima:

- Tairi nne: 560,000
- Huduma ya kwanza: 190,000
- Kusafisha gia boksi: 260,000
- Gia boksi ya mtumba: 1,350,000
- Termostati, rejeta, kulanti: 230,000
- Eksele: 180,000
- Bushi na linki: 140,000
- Huduma mbili za baadaye: 240,000

Jumla 3,150,000, zaidi ya theluthi moja ya bei ya kununulia. Mafuta, kwa petroli ya karibu 3,000 kwa lita na kilomita 1,000 kwa mwezi, yalikuwa kama 270,000 kabla ya termostati na 215,000 baadaye. Yaani hata likiwa zima kabisa, mafuta peke yake yanalingana na nauli ya zamani ya familia nzima.

Nesi hajapanda bodaboda usiku tangu siku gari lilipotoka kwa fundi. Gari limefika Morogoro na kurudi likiwa na watu watano, likitambaa kwenye matuta. Viti vya nyuma vikilazwa linameza magunia mawili ya mchele. Kuegesha Kariakoo, kwenye nafasi ambazo mwenye Prado hapunguzi hata mwendo kuzitazama, Mwalimu anasema ni raha ambayo hakuitarajia.

Uchambuzi

Tukianza na gia boksi, maana ndiyo iliyokula nusu ya fedha. Nani aliiua? Mwalimu anamlaumu shemeji, Nesi analaumu oili, fundi wa Ilala anamlaumu mwenye gari wa kwanza aliyeacha oili ikawa nyeusi. Mimi naona wote wana haki kidogo, lakini mpangilio wa makosa ndio wa kutazama. Oili chakavu ilikuwa tatizo la laki mbili siku ya kununua, kama mtu angechomoa kijiti. Oili isiyo yake ikalifanya la bahati nasibu. Kilomita 3,900 za teksi kwa wiki tano, wakati tayari kuna mlio, zikamaliza kazi. Hesabu ya 430,000 iliyoingia haikufika hata theluthi moja ya gia boksi.

Suala la hesabu lina hatari nyingine ambayo hawakuijua mpaka nilipowaambia. Bima yao ilikuwa ya gari binafsi. Gari likibeba abiria kwa malipo linahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima ya biashara. Kwa wiki tano kijana yule aliendesha bila kinga yoyote ya maana, na kama angemgonga mtu, deni lingeenda kwa jina lililo kwenye kadi.

Spesa zilikuwa jibu la haraka kwa tatizo la kweli. Njia yao kweli ina korongo. Ila majirani sita wenye magari wanapita korongo hilo hilo, na mwezi wa kumi tangu kununua walichanga elfu kumi na tano kila nyumba wakaletewa kifusi. Lingefanyika mwezi wa kwanza, eksele ingekuwepo.

Kumwaga oili mara mbili badala ya kubadilisha gia boksi mwezi wa tatu siwezi kukuita kosa. Kwa hela waliyokuwa nayo lilikuwa chaguo pekee, na fundi aliwaeleza ukweli. Kosa lilikuwa kukubali mlio uliobaki kama sehemu ya gari, kisha kulikodisha.

Na kutoliuza kwa 4,500,000? Kwa hesabu tupu, walitumia 1,350,000 kuliokoa gari ambalo leo lingeuzwa kama 8,000,000. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini hawakuufanya kwa hesabu hiyo. Waliufanya kwa sababu walikumbuka gari ni la nini. Kwangu hilo lina uzito kuliko kilomita kwa lita: kila walipokumbuka kwamba gari ni la zamu ya usiku waliamua vizuri, na kila walipotaka gari lijilipe waliharibu.

Daftari nalo lilileta faida ya aina yake. Halikuzuia hata kosa moja la miezi sita ya mwanzo. Lilichofanya ni kuufanya ugonjwa usio na kelele uonekane. Gari linalochemka humshtua kila mtu. Lisilopata joto hula shilingi 55,000 kila mwezi kimya kimya, na mwenyewe huendelea kusema "Vitz haili mafuta".

Sehemu ya mwisho ni yetu, kamati. Tuliwakopesha kwa kuangalia bei ya gari na mshahara. Hatukuuliza hata mmoja wetu watabaki na nini. Gari la bei hiyo linapouzwa, muuzaji anaondoka na hela na kukuachia matengenezo yote aliyoyaahirisha: tairi za 2014, huduma ya injini, oili nyeusi ya gia boksi, rejeta ya kutu. Hayo yalikuwepo siku ya mkataba, na yalikuwa yanadai kama 1,200,000 taslimu. Familia ilikuwa na laki tatu. Iwapo wangenunua la milioni nane wakabaki na hiyo tofauti, wangekagua kwa utulivu zaidi, na fundi asingetafuta oili ya bei nafuu ili kuwahurumia.

Tangu hapo fomu yetu ina mstari mpya: "Baada ya kununua gari na kulipa bima na uhamisho, utabaki na shilingi ngapi?" Mwombaji wa kwanza kuujaza alikuwa kijana mmoja anayetaka Passo. Aliandika sifuri, akapiga mstari chini yake, akasaini.